Feni Haizunguki? Pima Kabla ya Kufunga Dairekti

Kabla hujafungua boneti, jiulize gari lilichemkia wapi. Swali hilo halihitaji spana wala mita, na jibu lake linakupunguzia nusu ya kazi. Probox iliyotoka Embu ikapita Runyenjes na Chuka bila shida, kisha ikapandisha joto ilipokwama kwenye msongamano wa Gakoromone mjini Meru siku ya soko, karibu hakika ina tatizo la feni. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabarani hupita wenyewe kwenye rejeta na feni haina kazi kubwa. Likisimama au likitambaa, upepo pekee ni ule unaovutwa na feni. Lakini kwa gari linalochemka kwenye tambarare ya Mwea, barabara imenyooka na mshale uko kwenye kilomita 90, usianze kuitilia shaka feni. Hapo kagua maji, rejeta iliyoziba, thamostati na pampu ya maji.

Iko hali ya katikati, nayo ndiyo inayowachanganya madereva wa milimani: mzigo mzito, gia ya pili, mlima mrefu. Kutoka Isiolo kupanda hadi njia panda ya Subuiga, au kupanda kutoka daraja la Nithi, injini inafanya kazi kubwa huku upepo wa mwendo ukiwa mdogo. Rejeta nzima yenye feni nzima humudu mlima kama huo. Rejeta iliyochakaa huenda isiumudu hata feni ikizunguka. Kwa hiyo gari lililochemka mlimani tu halijakwambia lolote la uhakika. Likishapoa, lipeleke mahali pa tambarare, liache lingurume limesimama, uone.

Nazungumzia feni ya umeme, ile iliyo kwenye Probox, Vitz, Sienta, Noah na gari nyingi ndogo zinazotoka Japani. Hilux ya dizeli inayoshuka na miraa kutoka Maua usiku, na matatu nyingi za abiria 14, feni zake huzungushwa na belti ya injini na hazina fyuzi wala relei. Hizo zina klachi ya feni iliyojaa mafuta mazito. Injini ikiwa ya moto, imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, sukuma panga la feni kwa kidole. Likizunguka ovyo bila upinzani wowote, klachi imekufa na haina haja ya kutafutiwa waya.

Sasa tuseme bado uko barabarani na taa nyekundu imewaka. Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho pamoja na upepo wake wote, shusha vioo vya madirisha uvumilie. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari, itakuibia joto kidogo kutoka kwenye injini hadi upate mahali salama pa kusimama. Usisimame kwenye kona za Nithi, kila anayepita njia ile anajua sifa za daraja lile. Ukishaegesha, zima injini, fungua boneti, ukae mbali na kifuniko cha rejeta kwa nusu saa au zaidi. Abiria watanung'unika. Mwenye miraa atanung'unika zaidi, kwa sababu bei ya miraa huporomoka kila saa inayopita, na muguka ya Mbeere ni hivyo hivyo. Wanung'unike. Injini ya Probox ya lita 1.5, bloku na hedi yake vyote ni vya alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi hupinda. Ukimwagia maji baridi ya mtoni injini iliyochemka, umejinunulia gasketi ya hedi, na pengine hedi yenyewe.

Kifuniko nacho kinastahili maneno machache, maana huku kwetu kina kazi kubwa kuliko pwani. Mombasa maji ya sufuriani huchemka kwa nyuzi 100. Mjini Meru, karibu mita 1,500 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Timau, juu ya mita 2,200, ni karibu nyuzi 92. Kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1, huyafungia maji ndani kwa shinikizo na kuyazuia yasichemke hadi yafike zaidi ya nyuzi 110. Ukikifungua kikiwa moto, shinikizo hushuka mara moja, maji yaliyotulia yanageuka mvuke usoni pako. Hilo madereva wengi wanalijua, na wengine wana makovu ya kulithibitisha. Wasilolijua ni hili: feni za Toyota nyingi huanza kuzunguka maji yakiwa kati ya nyuzi 93 na 98. Mpira wa kifuniko ukiwa umekatika, na ndani mkiwa na maji matupu ya mto, gari likifika Timau maji yatachemka kabla ya joto la kuwasha feni kufika. Utaona mvuke, utaona feni imetulia, utaapa kwamba feni imekufa. Feni haina kosa, inangoja joto ambalo maji hayawezi kulifikia kwa sababu kifuniko hakishiki. Kwa hiyo jambo la kwanza, gari likiwa baridi kabisa, ni kufungua kifuniko na kutazama mpira wake na springi yake. Kama mpira umekauka, umepasuka au una kutu, nunua kifuniko kipya chenye namba ileile kabla hujagusa waya.

Gari likiwa bado baridi, tazama maji. Usitosheke na chupa ya akiba, tazama ndani ya rejeta yenyewe. Sensa inayoipa kompyuta ya gari habari ya joto husoma joto la maji yanayoigusa. Maji yakipungua na sensa ikabaki ndani ya hewa, itaripoti joto la chini huku injini inaungua. Feni haitawaka, na taa nyekundu nayo huenda isiwake. Toyota nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya injini moto, basi. Dereva anayesubiri taa ili ajue maji yameisha anaweza kusubiri hadi injini ikwame. Jaza maji polepole, hita ikiwa wazi, kifuniko kikiwa kimefunguliwa, injini ikinguruma, mpaka mapovu yaishe. Kisha funga, usubiri uone kama feni itaanza. Feni nyingi zinazosemekana zimekufa hufufuka hapa.

Kama maji ni mazuri na kifuniko ni kizuri, tunaingia kwenye umeme. Na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa barabara hii.

Ukipeleka gari lenye feni iliyolala kwenye gereji nyingi kati ya Embu na Maua, utapewa tiba mbili kwa mpigo: feni itafungwa dairekti na thamostati itatolewa. Dairekti maana yake waya imevutwa moja kwa moja ili feni izunguke wakati wote swichi ikiwa ON, au uwekewe kiswichi chako karibu na usukani. Ni tiba ya dakika chache na gari litaacha kuchemka siku hiyo. Ila hujaambiwa ni nini kilichoharibika. Kama ni mota iliyochakaa, dairekti itaimaliza haraka. Kama ni sensa, kompyuta bado inasoma joto la uongo na kupima petroli kwa uongo huo. Kama ni waya iliyoungua, moto bado uko ndani ya boneti. Nayo thamostati ikitolewa, injini haifiki joto lake asubuhi ya baridi ya Timau, inakunywa petroli, na kwenye baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kwenda kwenye rejeta, kwa hiyo gari linaweza kuchemka zaidi mlimani. Wanaofanya hivyo wengi ni watu wenye ujuzi wa mikono kuliko mimi. Wanachokosa ni muda, kwa sababu mteja amesimama hapo akitazama saa. Wewe mwenye gari, Jumapili nyumbani, muda unao.

Vifaa ni vichache. Tafuta balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, uiunganishie waya mbili ndefu. Hiyo ndiyo testa yako, na kwa kazi hii naipenda kuliko mita ya kidijitali. Waya iliyooza ndani ikabaki na uzi mmoja bado itaonyesha volti 12 kwenye mita, lakini balbu ya wati 21 itafifia na kukuambia ukweli. Ongeza mita mbili za waya ya shaba yenye unene wa milimita za mraba 2.5, ile wanayofungia soketi za nyumba, inapatikana kwenye hadiwea yoyote. Usitumie waya ya redio, feni huvuta ampea 10 hivi na zaidi inapoanza.

Zima injini, toa ufunguo. Kwenye gari nyingine feni inaweza kuanza yenyewe hata injini imezimwa, na panga lake halibagui kidole. Kisha zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kwenda laini na kuendelea kidogo baada ya kuiachilia. Ikikwaruza, ikiwa nzito, au ikicheza kushoto na kulia, bushi zake zimekwisha, na mara nyingi utakuta vumbi letu jekundu limegeuka simenti nyuma ya mota. Angalia pia kama panga limevunjika au limeyeyuka, na kama kuna karatasi, majani au kipande cha gunia kimenaswa.

Ikiwa inazunguka kwa mkono, washa injini na uwashe kiyoyozi. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji kufungua hata nati moja. Kwenye gari nyingi za Kijapani kiyoyozi kikianza kazi huiamuru feni izunguke bila kujali joto la maji. Ikizunguka hapo, basi mota ni nzima, na kwenye gari lenye feni moja fyuzi yake kuu na waya zake za mwisho ni nzima pia. Kosa liko upande wa amri: sensa, swichi ya joto, au waya zake. Ruka moja kwa moja hadi huko. Kama gari lina feni mbili, moja inaweza kuwa ya kiyoyozi tu, kwa hiyo hakikisha unajua ni ipi iliyolala. Na kama kiyoyozi chako hakina gesi, jaribio hili halisemi kitu, maana swichi ya shinikizo haitaruhusu mfumo uanze. Magari mengi huku hayajaona gesi hiyo tangu yashuke melini, kwani nani anahitaji kiyoyozi Nkubu mwezi wa Julai?

Feni isipozunguka kwa kiyoyozi, nenda kwenye sanduku la fyuzi chini ya boneti. Kifuniko cha sanduku huenda kina karatasi ya Kijapani, lakini kwenye Toyota nyingi jina la fyuzi limeandikwa kwa herufi zetu: RDI FAN, au RDI tu, ya ampea 30 au 40. Usiitazame kwa juu ukasema ni nzima. Ipime kwa testa pande zote mbili, swichi ikiwa ON. Fyuzi iliyokatika ina sababu. Weka mpya yenye namba ileile, mara moja tu. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya iliyogusa bodi au mota iliyokwama, na kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuifunga kwa karatasi ya sigara ni kuhamisha mahali moto utakapoanzia.

Relei iko karibu na hapo, kijisanduku cheusi chenye miguu minne. Miguu miwili ni ya amri, miwili ni ya umeme mzito. Njia ya kawaida ya kuipima ni kuibadilisha na relei ya honi inayofanana nayo. Honi ikikataa na feni ikiitika, umemaliza. Lakini tahadhari na Toyota za zamani, Corolla na Corona za miaka ya 1990. Nyingi kati ya hizo zina relei inayofanya kazi kinyume: ikipata amri inakata umeme, ikikosa amri inauachilia. Wajapani waliipanga hivyo ili waya ya swichi ya joto ikikatika, feni izunguke bila kukoma kuliko kulala. Ni mpango wa busara, na mafundi wengi wameuharibu bila kujua. Michoro midogo iliyo ubavuni mwa relei hukuonyesha: mstari wa umeme mzito ukiwa umefungwa kwenye mchoro, usiibadilishe na ya honi.

Jaribio linalotoa jibu la uhakika zaidi ni kuchomoa relei na kuunganisha mashimo mawili ya umeme mzito kwa kipande kifupi cha waya ya 2.5, swichi ikiwa ON. Yatambue kwanza kwa mchoro uliopo kwenye relei, usibahatishe. Feni ikizunguka, kila kitu kuanzia relei hadi feni ni kizima. Isipozunguka, shida iko mbele: soketi ya mota, mota yenyewe, au athi, yaani waya inayorudisha umeme kwenye bodi.

Chomoa soketi ya mota ya feni. Itazame kwa makini. Hii ndiyo sehemu inayoharibika zaidi huku, na lawama kubwa naiweka kwenye kuosha gari kwa mashine ya presha. Maji yanayopigwa kwa nguvu kwenye rejeta huingia kwenye soketi, baada ya miezi miguu ya shaba inageuka kijani, inapata joto, plastiki inayeyuka. Ukiona rangi ya kijani au kahawia, huhitaji kutafuta mbali. Kata soketi, weka nyingine kutoka kwa gari lililovunjwa, unganisha kwa risasi, uifunike vizuri. Usisokote waya mbili na kuzifunga selotepu.

Kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye miguu miwili ya mota, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ikizunguka kwa nguvu, mota haina neno. Isipozunguka, igonge taratibu mgongoni kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza, brashi zake za kaboni zimekwisha. Fundi wa umeme wa magari anaweza kubadilisha brashi kama mota inafunguka. Nyingi hazikutengenezwa zifunguliwe, na hapo mota iliyotumika kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, au kwa wavunja magari wa Meru ina maana zaidi. Ukinunua, idai ijaribiwe kwa betri mbele yako na iachwe izunguke dakika kadhaa. Ukiifunga, shika karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kuvutwa na kunasa. Ikipeperushwa mbele, waya zimefungwa kinyume na feni inasukuma hewa dhidi ya upepo wa mwendo. Gari kama hilo huchemka likienda kasi, na mwenyewe hubadilisha pampu, thamostati na rejeta kabla mtu hajafikiria karatasi.

Mota ikiwa nzima na soketi ikiwa safi lakini bado hakuna kitu, pima athi. Funga waya moja ya testa kwenye chanya ya betri, nyingine iguse waya hasi ya soketi ya feni. Balbu iwake sawasawa na inavyowaka ukiigusisha betri yenyewe. Ikififia, tafuta boliti inayoshika waya hiyo kwenye bodi, ifungue, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, ukaze.

Tumebaki na wale ambao feni yao ilizunguka kwa kiyoyozi au kwa waya ya relei, ila haizunguki kwa joto. Kwenye Toyota za zamani kuna swichi ya joto yenye waya moja au mbili, karibu na thamostati au chini ya rejeta. Ichomoe, swichi ya gari ikiwa ON. Kwa ule mpango wa kinyume nilioutaja, feni inapaswa kuanza mara moja. Isipoanza, rudi kwenye relei. Kwenye gari nyingine swichi hufanya kazi kwa kuunganisha, kwa hiyo kuichomoa hakuleti kitu, unapaswa kuunganisha waya zake mbili kwa kipande cha waya. Gari za karibuni hazina swichi, zina sensa inayozungumza na kompyuta. Chomoa sensa injini ikiwa inafanya kazi: kompyuta nyingi, zikikosa habari ya joto, huiwasha feni kwa usalama na kuwasha taa ya injini. Ikiwaka, kompyuta na relei ni nzima, shuku sensa. Kwa mita, sensa ya Toyota hutoa kiloohm 2 hadi 3 ikiwa kwenye maji ya nyuzi 20, na hushuka hadi karibu ohm 300 kwenye nyuzi 80. Sensa isiyobadilika inapopata joto ni ya kutupa.

Mafundi hupima swichi ya joto kwa kuichemsha sufuriani, na hapa mwinuko unatuchezea tena. Swichi iliyotengenezwa igeuke kwenye nyuzi 95, ukiichemsha Embu itageuka kwa shida. Ukiichemsha Timau haitageuka hata ukiongeza kuni, kwa sababu maji yale hayapiti 92. Utaitupa swichi nzima na kununua nyingine ambayo nayo itafeli mtihani huohuo. Huku juu, ipime ikiwa ndani ya gari, kifuniko kikiwa kimefungwa. Acha injini ipate joto, shika paipu ya juu ya rejeta kisha ya chini kwa kitambaa. Zikiwa zote za moto na feni bado imelala, swichi ndiyo mbovu. Kama ya juu inaunguza na ya chini ni baridi, thamostati haijafunguka au rejeta imeziba, na swichi iliyoko chini ya rejeta haijawahi kuonja joto la kuiamsha.

Ikibidi ufike nyumbani usiku huu, basi funga dairekti, lakini uifunge kama mtu anayejua atakuja kuifungua kesho. Chukua waya ya 2.5 kutoka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, nenda hadi mguu wa chanya wa mota. Mguu wa hasi uende kwenye hasi ya betri. Waya isipite juu ya manifoldi ya ekzosi wala isiguse mapanga. Ukifika, chomoa. Betri ndogo ya Probox, ya Ah 35 hivi, haitafika asubuhi ikiendesha feni ya ampea 10. Itakuwa imekwisha ndani ya saa tatu au nne.

Wachache mtakuwa mnauliza kuhusu zile pikipiki za magurudumu manne, kwodi, zinazotumiwa kwenye mashamba makubwa na hifadhi. Mantiki ni ileile, kuna tofauti tatu. Swichi yake ya joto kwa kawaida iko kwenye rejeta na hufanya kazi kwa kuunganisha, kwa hiyo ukitaka kuijaribu feni unganisha waya zake mbili, usizichomoe tu. Aina nyingine, kama baadhi ya Polaris, hazina fyuzi ya feni. Zina kikata-umeme kinachojirudisha chenyewe, kwa hiyo feni inayowaka dakika moja na kulala dakika mbili ni mota inayovuta umeme kupita kiasi kwa sababu ya matope. Na matope ndiyo adui mkuu: rejeta iko mbele na chini, kila dimbwi linaipaka. Ioshe kwa maji ya mpira wa bustani, ukipiga kutoka nyuma kuelekea mbele, usiguse presha. Baadhi ya mota zake zina kimpira chembamba cha kupumulia. Kikitoka mahali pake, mota hunywa maji kila ukivuka mto.

Ukishatengeneza, usikimbilie barabarani. Acha gari lingurume limesimama, kiyoyozi kimezimwa, hadi feni ianze yenyewe, izime yenyewe, ianze tena. Mara ya kwanza inaweza kuchukua robo saa au zaidi, kutegemea baridi. Izunguke kwa muda, kisha izime. Isipozima kabisa, bado kuna kitu kimefungwa kinyume au rejeta haipozi. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uone maji yamebaki palepale. Yakiwa yamepungua, gari lina tundu ambalo feni haiwezi kukusaidia nalo, na hilo lishughulikie kabla hujapakia mzigo wa Isiolo.